Gundi Inayomngoja Fundi

Kila asubuhi saa kumi na mbili, king'ora cha kiwanda cha chai hulia ng'ambo ya bonde, karibu na Mogogosiek. Kila asubuhi Mzee Jairus huketi kitandani na kutafuta viatu vyake kwa miguu. Kisha hukumbuka. Amestaafu. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

"Lala, Baba Apiyo," mkewe Aluoch humwambia. "Hicho king'ora hakikuiti wewe."

"Najua."

Lakini halali tena. Huketi ukingoni mwa kitanda na kujaribu kukunja vidole. Asubuhi vidole havikunjiki. Vimevimba kwenye viungo na vimepinda kama mizizi ya michai. Aluoch akimletea chai, hushika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto.

Mikono hiyo ilikuwa mikono ya fundi. Kwa miaka thelathini na miwili Jairus alikuwa seremala wa kiwanda. Alitengeneza vitanda virefu vya mbao vya kunyaushia majani. Alitengeneza milango, makabati na ngazi. Siku zile chai ilisafirishwa katika masanduku ya mbao nyembamba, na masanduku mangapi yalipita mikononi mwake, hakuna anayejua. Mameneja walikuja, mameneja walienda. Mikono ya Jairus ilibaki. Watu wa mbali walikunywa ile chai, wakasema ni tamu. Wangeiona mikono iliyotengeneza masanduku yake, wangesimama kwanza ndipo wanywe.

Kwenye rafu, juu ya redio, kulikuwa na bao la ajua. Ajua ni mchezo ambao Wajaluo hucheza kwa kete ndogo, kwenye ubao wenye mashimo. Bao la Jairus lilikuwa na safu mbili za mashimo, nane huku na nane kule. Alilitengeneza mwaka ule mtoto wao wa kwanza, Apiyo, alipozaliwa. Mbao zake zilitoka kwenye kitanda cha zamani cha kunyaushia majani, kilichovunjwa na kutupwa. Jairus aliokota vipande viwili vizuri, akaviunganisha kwa gundi aliyoipika mwenyewe, akachonga mashimo. Mvua iliponyesha, bao lilinukia chai.

Kwenye bao hilo alicheza na rafiki yake Ombui kila Jumapili alasiri. Walianza wakiwa vijana, katika nyumba za laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mlango kwa mlango. Ombui alitoka Kisii na alikuwa nyapara wa wachuna chai. Hakuujua mchezo huo. Jairus alimfundisha, kisha akajuta, kwa sababu Ombui alianza kumshinda. Aliyeshinda alichora mstari mdogo kwa kisu chini ya bao, kila mtu upande wake. Mistari ilijaa. Walianza kuchora juu ya ile ya zamani.

Walipostaafu, walihamia nyumba jirani nje ya geti la shamba. Mchezo ukaendelea. Lakini sasa wana wa Ombui walikuwa wamemjengea nyumba Nyamache, kwao Kisii. Lori la kubeba vyombo lingekuja Jumapili saa tisa.

Jumanne ya wiki hiyo, Jairus aliinua bao alishushe. Nusu moja ilikuja mikononi. Nusu nyingine ilibaki kwenye rafu.

Alitazama juu. Bati lilikuwa na tundu. Mvua iliyonyesha tangu Jumapili usiku ilikuwa imedondoka taratibu juu ya bao, tone kwa tone. Gundi ya zamani ilikuwa imelowa na kuachia. Bao lilikuwa limefunguka katikati, kati ya safu na safu.

Ombui alikuja jioni, akakuta nusu mbili mezani. Alivua kofia.

"Mungu wangu, Fundi. Limeachana kabisa." Akachukua nusu moja, akaipima kwa mkono. "Huu ni upande wangu. Ule wako. Basi hakuna shida, mimi naenda na wangu Nyamache."

"Weka chini."

"Nakutania tu."

"Weka chini, Nyapara!"

Ombui aliweka chini. Nje mvua ilianza tena.

"Sasa Jumapili tutacheza ya mwisho ama hatutacheza?" Ombui aliuliza.

"Tutacheza. Kwa bao hili hili."

"Basi mpelekee yule fundi kijana pale stendi. Ni kazi ya dakika kumi."

"Bao hili halijawahi kuguswa na fundi mwingine. Nitalirudisha mimi mwenyewe."

Ombui alitazama vidole vya rafiki yake. "Piga basi misumari miwili, tumalize," alisema.

"Msumari! Kwa bao?" Jairus alisimama. "Wewe ulikuwa nyapara wa majani. Baki na majani yako!"

"Nimekoma, mzee. Nimekoma."

Kesho yake, Jumatano, Jairus alinunua gundi kwa mchuuzi barabarani. "Hii inashika sekunde tano!" mchuuzi alipiga kelele. "Chuma, plastiki, mbao, hata ndoa iliyovunjika!" Watu walicheka. Jairus alinunua. Kiwandani alikuwa amefundishwa jambo moja: haraka. Kitu kikivunjika, kitengenezwe kabla majani hayajaharibika. Aliona gundi ya haraka ndiyo gundi nzuri.

Hakungoja. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu, baridi ikiwa bado imelala juu ya michai, alikaa mezani. Kijitubu cha ile gundi kilikuwa kidogo kuliko kidole chake. Kifuniko kilikuwa kama punje ya mahindi. Alijaribu kukizungusha. Vidole viliteleza. Alijaribu tena. Maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Basi akakitia kijitubu mdomoni, akang'ata kifuniko.

"Baba Apiyo!" Aluoch alisimama mlangoni na kuni mkononi. "Hiyo ni soda?"

Kifuniko kilitoka. Jairus alijaribu kufinya polepole, lakini vidole vyake havikujua tena polepole. Gundi iliruka. Nyingine iliingia kwenye mbao, nyingine ikamwagika mkononi. Aliunganisha nusu mbili upesi. Zilishikana hapo hapo, lakini zimepinda. Upande mmoja ulikuwa juu kuliko mwenzake. Alijaribu kuusogeza. Haukusogea. Alitaka kuweka kijitubu chini, akaona kidole gumba na kidole cha shahada vimegandana.

"Yawa! Usivute!" Aluoch alisema. "Ukivuta ngozi itatoka."

Alileta beseni la maji ya vuguvugu na sabuni. Aliuloweka mkono wa mumewe kwa muda mrefu, akivitenganisha vidole kidogo kidogo, akivizungusha, bila kuvivuta. Mwishowe viliachana.

"Na ingekuingia mdomoni je?" aliuliza. "Ama kwa jicho?"

Jairus alilichukua bao lililopinda, akalisukuma kwa viganja. Liliachana mara moja, kama biskuti. Gundi mpya ilikuwa imeshika ile gundi ya zamani iliyooza. Haikuwa imeshika mbao.

"Nimekwisha," alisema. "Ombui aende na upande wake."

Aluoch alipangusa mikono ile kwa kanga yake. Aliifahamu mikono hiyo tangu ikiwa na nguvu. Ilimbeba siku ile daraja la mto lilipobomoka, yeye akiwa na mimba ya Apiyo. Alisema, "Mikono haijakosea kitu. Gundi ndiyo mbaya. Nyatichi wa hadwea, anayeuza gundi na misumari, si yuko? Kunywa chai, jua likitoka uende."

"Niende nikamwambie msichana kwamba seremala ameshindwa na gundi?"

"Umwambie. Ama nitaenda mimi, niwaambie na wale wote waliosimama dukani."

Saa nne Jairus alikuwa dukani kwa Nyatichi, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya koti. Nyatichi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa akipimia mtu misumari.

"Karibu, baba. Nikusaidie na nini?"

"Nataka gundi ya mbao. Yenye nguvu kabisa."

Nyatichi alimaliza misumari. Kisha akasema, "Nionyeshe mikono."

"Nimekuja dukani, sikuja hospitali."

"Mama yangu alichuna chai miaka ishirini na sita, baba. Mtu akiingia hapa ameficha mikono kwa mfuko, na jua limetoka, mimi najua."

Jairus alitoa mikono. Aliiweka juu ya kaunta taratibu. Nyatichi hakuishangaa. Aliitazama kama fundi anavyotazama mbao, aone mistari inaelekea wapi.

"Kila mtu anaingia hapa anauliza, gundi gani iko na nguvu," alisema. "Hakuna anayeuliza, gundi gani mkono wangu utaweza. Haya. Unaunganisha nini?"

"Bao la ajua. Linakaa ndani ya nyumba. Mbao mbili, ubavu kwa ubavu."

"Na hii imekukauka kwa vidole, uliweka nini?"

Jairus alimwambia habari ya kijitubu. Alimwambia hata habari ya meno. Nyatichi hakucheka.

"Ile si mbaya kwa kazi yake," alisema. "Kikombe, kitu kidogo. Lakini ni ya mtu mwenye vidole vyepesi na haraka. Wewe ukikosea mara moja, umekosea." Akainamia rafu, akaweka mkebe wa bati juu ya kaunta. "Fungua hiyo."

Jairus alijaribu. Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Kilihitaji bisibisi na nguvu.

"Acha, usijiumize. Hiyo ni ya viatu na godoro. Unapaka pande zote, unangoja, halafu zikigusana tu zimeshikana. Hakuna kusogeza. Harufu yake pia inapanda kichwani." Akaweka mirija miwili iliyofungwa pamoja. "Hii unachanganya nusu kwa nusu. Iko na nguvu sana, hata maji haiogopi. Lakini ni vifuniko viwili vya kuzungusha, na kuna zingine zinakauka dakika tano. Uko na dakika tano?"

"Kufungua tu ni dakika kumi."

"Umeona!" Wote wawili walicheka.

Kisha Nyatichi alifunua ndoo. Ndani mlikuwa na gundi nyeupe, nzito kama maziwa ya mgando. "Hii ni gundi nyeupe ya mbao. Naiuza kwa kupima. Ukishaipaka unaunganisha, na ikiwa imekaa vibaya unasogeza. Unaweza kuchukua dakika tano, hata kumi hivi kukiwa na baridi kama huku kwetu. Ikimwagika, unapangusa kwa kitambaa chenye maji. Ikikugusa mkono, unanawa. Halafu ikishakauka, mbao itavunjika kwingine kabla ya hapo."

"Inaningoja?" Jairus aliuliza.

"Inakungoja, baba."

Jairus alitazama ndani ya ndoo. Tangu astaafu, gari halikumngoja, foleni ya benki haikumngoja, hata wajukuu walikuwa wakimwacha nyuma njiani.

"Nipimie," alisema.

Nyatichi hakuiweka katika karatasi ya nailoni kama kawaida. Alitafuta chupa ya sosi ya nyanya, laini, iliyooshwa na kukaushwa. Aliimimina gundi humo. Alikata mdomo wa chupa kidogo, uwe mpana. Kisha akaifunga.

"Finya. Hapana, si kwa vidole. Shika kwa kiganja chote. Kama huwezi, ilaze mezani, ubonyeze kwa hapa." Akagusa kiganja cha Jairus karibu na kifundo. "Hapa hapaumi."

Jairus alibonyeza. Mstari mweupe ulitoka juu ya gazeti, laini, umenyooka. Alibonyeza tena, bila sababu.

"Wacha kumaliza gundi yako, baba."

"Nafanya majaribio."

Nyatichi alichukua kalamu nene, akaandika kwenye chupa kwa herufi kubwa: GUNDI. "Isije ikaenda kwa chipsi za wajukuu," alisema. "Na iwekwe juu."

Halafu alimweleza mengine, huku akihudumia watu. Asianze kazi alfajiri, vidole vikiwa vigumu. Aanze saa nne, jua likiwa limepanda, na kwanza aloweke mikono katika maji ya vuguvugu. Akwangue gundi yote ya zamani, kwa sababu gundi mpya hushika mbao, haishiki uchafu. Mbao ikauke vizuri kabla ya kupakwa. Mswaki wa zamani unafaa kupakia, lakini mpini wake ufungwe kitambaa uwe mnene, ndipo kiganja kiushike bila kukaza.

"Na za kubana je?" Jairus aliuliza. "Niko na klampu za chuma nyumbani. Kuzungusha ile skrubu siwezi."

"Achana na hizo. Tafuta tyubu ya baiskeli, ikate iwe ukanda mrefu. Unazungusha tu ukivuta kwa mkono mzima. Raba yenyewe inabana. Halafu ulaze bao ndani ya nyumba, pahali pa joto kidogo, si nje. Baridi ya usiku ya huku ikiipata kabla ya kukauka, inageuka kama unga na haishiki. Lakini pia si juu ya moto, mbao itapinda. Siku nzima usiguse."

"Siku nzima!"

"Siku nzima. Na uzibe bati. Gundi hii haipendi maji." Nyatichi alimpa chenji, lakini hakuachia mkono wake. "Baba, umeonyesha daktari hii mikono?"

"Ni baridi tu imeingia."

"Mama pia alisema hivyo miaka sita. Kliniki wakamwambia ni ugonjwa wa viungo. Watu huita baridi yabisi, lakini hauletwi na baridi. Baridi inafanya uusikie zaidi. Walimwonyesha mazoezi ya vidole, na wakampa dawa inayomfaa yeye. Si za kununua kwa mchuuzi."

"Wachuuzi nimewaacha leo," alisema Jairus.

Alasiri hiyo Aluoch alichemsha maji, akayapoza yakawa ya vuguvugu. Jairus alikata tyubu ya baiskeli kwa mkasi mkubwa, kwa mikono miwili. Kisha akalowesha kitambaa, akakiweka kwenye ukingo wa ubao. Gundi ya zamani ilianza kulainika. Ilitoa harufu ya kwato na ngozi za ng'ombe ilizopikwa nazo. Alikuwa ameipika kwenye mkebe, juu ya moto wa karakana, mwalimu wake Mzee Alexander akiwa nyuma yake na kusema, "Usiache ichemke, kijana. Koroga." Mzee Alexander alikuwa fundi mkuu. Aliaga dunia zamani, na karakana yenyewe sasa ni maegesho ya magari.

Jairus alikwangua polepole. Maji ya vuguvugu yalilainisha gundi. Yalilainisha vidole pia.

Kisha harufu nyingine ikaja. Aluoch aliacha kuosha vyombo.

"Baba Apiyo. Unanusa?"

"Nanusa."

Ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyotandazwa, yakinyauka kwa upepo wa moto. Miaka yote hiyo ilikuwa ndani ya mbao. Kwa muda kidogo walikuwa tena katika nyumba za laini. Apiyo alikuwa mgongoni. Redio za majirani zilikuwa zikiimba pamoja, na Ombui kijana alikuwa akipiga hodi, shati lake limefungwa hadi kifungo cha juu, akiuliza kama Fundi ameamka au anaogopa kushindwa.

Waliweka mbao zikauke karibu na jiko, mbali na moto.

Ijumaa saa nne, Jairus alianza. Aliloweka mikono. Alikunja vidole, akavinyoosha. Alilaza chupa mezani, akabonyeza kwa kiganja. Gundi ikatoka kwa mstari. Aliitandaza kwa mswaki wenye mpini mnene. Aliunganisha nusu mbili.

Zilikaa vibaya. Upande mmoja ulikuwa juu, kama jana.

Aluoch aliinuka. "Nikusaidie?"

"Ngoja."

Alivuta pumzi. Alisukuma kwa kiganja, kidogo tu. Ubao ukateleza. Akasukuma tena. Ukateleza, ukakaa sawa na mwenzake. Mikono ilikwenda polepole. Gundi haikujali. Ilikuwa inangoja.

Alizungusha tyubu, akavuta, akazungusha. Matone meupe yalitoka kwenye mstari, ishara kwamba gundi imefika kila mahali. Aliyapangusa kwa kitambaa chenye maji. Kisha akaketi, akaiweka mikono yake juu ya magoti, akaitazama kana kwamba ilikuwa imerudi kutoka safari.

Jumamosi Ombui alipita akitoka kanisani, amevaa suti ya Sabato. Alisimama dirishani.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amefungwa bendeji," Jairus alijibu. "Hataki wageni."

"Wewe mwenyewe umemgusa?"

"Ananizuia huyu," Jairus alisema, akimwonyesha Aluoch, aliyekuwa amekaa karibu na bao na mwiko mkononi.

"Ameamka mara mbili kutaka kufungua," Aluoch alisema. "Nimemwambia, ukigusa nakupiga na hii."

Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, tyubu ilifunguliwa. Jairus aliligeuza bao. Aliligonga kwa upande wa kiganja. Lilitoa sauti moja, si mbili. Alimwita Ombui.

Walicheza kwenye benchi mbele ya nyumba. Ombui hakuwa na huruma. Alipiga kete zake ndani ya mashimo kwa kishindo, kama zamani, na bao halikutikisika. Vyombo vyake vilikuwa vimerundikwa barabarani. Lori lilikuja. Dereva alipiga honi.

"Ngoja!" wazee wawili walipaza sauti pamoja.

Ombui alishinda. Aliligeuza bao na kutoa kisu, lakini hakuchora. Alipitisha kidole gumba katikati, akitafuta mahali pa kiungo. Alipitisha mara ya pili.

"Sioni mahali lilipoachana," alisema.

"Hutaona."

"Fundi, wewe bado ni fundi." Alimpa Jairus kisu. "Nichoree wewe. Macho yangu yana vumbi la lori."

Jairus alichora mstari upande wa Ombui. Uliyumba kidogo. Walishikana mikono, na Ombui hakukaza, kwa sababu alijua inauma.

Wiki iliyofuata bati lilizibwa. Jairus alienda kliniki. Muuguzi alimwonyesha mazoezi ya vidole, na daktari akampa siku ya kurudi. Asubuhi vidole bado ni vigumu, lakini king'ora kikilia sasa ana kazi: anavikunja na kuvinyoosha ndani ya maji ya vuguvugu, huku Aluoch akihesabu.

Mwezi uliofuata alinunua mbao mbili mpya. Alizipeleka kwa yule fundi kijana wa stendi, amtobolee mashimo kwa mashine. Kijana alifurahi sana. Jairus alisimama karibu naye, akisema, "Usiharakishe, kijana." Lakini kuunganisha aliunganisha mwenyewe, saa nne asubuhi, kwa chupa ya sosi. Bao jipya lilipanda gari la mizigo, likaenda Nyamache.

Sasa kila Jumapili alasiri Aluoch huweka simu mezani, sauti ikiwa juu. Huku Mogogosiek kuna bao moja, kule Nyamache kuna jingine. Kila mzee huzisogeza kete za pande zote mbili, zake na za mwenzake, kama mwenzake anavyosema.

"Naanza shimo la tatu," sauti ya Ombui husema. "Kete nne. Naangusha moja, mbili, tatu, nne."

Jairus huinamia simu na kufumba macho. Anasikiliza kete zikigonga mbao aliyoiunganisha mwenyewe.

"Nyapara," husema. "Nimesikia tano. Rudisha moja."